Nyekundu Ile ni Baridi: Setilaiti Zinavyokisoma Kimbunga

Ijumaa ile ya tarehe 3 Mei 2024 simu za Mombasa hazikupumzika. Picha ilikuwa moja, ikirukaruka kutoka kundi hili la WhatsApp hadi lile: ramani ya bahari yetu na juu yake wingu kubwa lililojiviringa kama donge la chapati kabla halijasukumwa, katikati jekundu la kutisha, ukingoni manjano, kisha samawati. Jina lake Hidaya. Kwetu hidaya ni tunu, zawadi anayopewa mtu, na utani wa jina hilo ulianza kabla hata upepo haujaanza.

Barazani Kibokoni, ninapopitisha jioni zangu, palikuwa na mzee aliyewahi kuwa nahodha. Aliishika simu ya mjukuu wake kwa mbali, kama washikavyo wazee, akauliza maswali mawili. La kwanza kila mtu mjini alikuwa nalo: "Sasa huyu yuwaja au haji?" La pili ndilo lililonikaa: "Na mbona mwekundu hivi? Kwani ndani mna moto?"

"Ni joto hilo, ami," kijana mmoja akamjibu. "Pekundu ndipo penye joto." Sote tukaitikia kwa vichwa, na sote tukakosea. Nyekundu ile ilikuwa baridi, tena baridi kali kuliko ya friza yoyote ya samaki: vilele vya mawingu ya namna ile hufika nyuzi 70 hadi 80 za selsiasi chini ya sufuri.

Nimelifuatilia jambo hili tangu siku ile, nikaona kwamba kosa la rangi lilikuwa limebeba kosa jingine mgongoni. Tulidhani setilaiti inauona upepo. Haiuoni, maana upepo hauna rangi wala umbo. Inachoona ni mawingu, joto lake, na ngozi ya bahari, kisha watu hukaa wakakisia upepo kutokana na dalili hizo. Namba ile ya kilomita kwa saa inayotangazwa redioni ni kazi ya kukisia, iliyofanywa na mtu aliyekaa mbele ya kompyuta mbali na kimbunga. Na katika bahari yetu ni hivyo zaidi kuliko katika bahari ya Wamarekani. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza tumalize suala la majina. Harikeni ya Atlantiki, taifuni ya Pasifiki ya magharibi na kimbunga chetu ni kitu kimoja, kilichopewa jina na watu wa bahari tofauti. Upepo ukifika kama kilomita 119 kwa saa, ndipo kinapostahili jina hilo. Chini ya hapo huitwa dhoruba, ingawa dhoruba nayo huzamisha mashua bila kuuliza cheo. Upande wetu wa kusini mwa ikweta hujizungusha kufuata mishale ya saa, na kaskazini hujizungusha kinyume.

Mombasa tuko digrii nne kusini mwa ikweta, na hiyo ndiyo bahati yetu. Kimbunga huanza pale hewa inapokimbilia penye mgandamizo mdogo, na mzunguko wa dunia ukaipindisha pembeni kabla haijafika, hadi ikaanza kuzunguka. Nguvu hiyo ya kupindisha hupungua kadiri unavyoikaribia ikweta, na kwenye ikweta yenyewe haipo kabisa. Ndani ya digrii tano hivi za ikweta hewa huingia moja kwa moja na kulijaza pengo, kama maji yanavyolijaza shimo alilochimba mtoto mchangani pale Jomo Kenyatta Beach. Ndiyo maana vimbunga vya bahari hii vinavyofika nchi kavu vingi huishia Madagaska na Msumbiji. Lakini kuwa nje ya njia hakumaanishi kuwa mbali nayo. Mafia, kilipofika Hidaya, ni digrii nane kusini. Unguja ni sita.

Unguja wanajua. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilikipiga kisiwa, kikavunja vyombo bandarini, zikiwemo meli za Sultani Barghash, na kuing'oa mikarafuu kwa maelfu. Pemba iliponea, na ndipo ilipoanza kuitangulia Unguja kwa karafuu. Tarehe hiyo hiyo, 15 Aprili, mwaka 1952, kingine kilitua Lindi. (Na ni 15 Aprili 2023 ilipopaa Taifa-1, setilaiti ya Kenya. Sisemi neno, nimeona tu.) Mwaka 1872 hapakuwa na wa kuonya. Nahodha aliyekuwa baharini alikuwa na mbingu, rangi ya maji, na mawimbi marefu yanayofika kabla ya upepo wenyewe. Kama dalili hizo zilimfikia akiwa mbali na bandari, alijua lakini elimu yake haikumfaa kitu.

Mabadiliko yalikuja ghafla. Tarehe 1 Aprili 1960 Marekani ilirusha TIROS-1, setilaiti ya kwanza ya hali ya hewa iliyofanya kazi ipasavyo. Iliishi siku 78 tu. Lakini katika siku ya kumi iliona wingu lililojiviringa juu ya Pasifiki ya kusini, mashariki ya Australia: kimbunga, kikitazamwa kwa juu. Mwaka uliofuata TIROS-3 ikawa ya kwanza kugundua harikeni kabla binadamu hawajaijua, ile iliyoitwa Esther.

Leo macho yaliyo juu ni mengi, na ili uielewe picha ya WhatsApp inabidi ujue imepigwa na jicho la aina gani.

Aina ya kwanza ni setilaiti isiyobanduka. Ukiiweka kilomita 35,786 juu ya ikweta, inachukua muda ule ule inaochukua dunia kujizungusha mara moja, kwa hiyo ukiitazama kutoka chini ni kama imepigiliwa msumari. Huhitaji kwenda mbali kulithibitisha hilo. Tazama madishi ya televisheni juu ya mapaa ya mtaa wa Majengo: hayazungukizungukii kutafuta setilaiti, na mengi yameinuka kutazama juu kama bakuli linalosubiri mvua, kwa sababu setilaiti za matangazo ya upande huu ziko karibu juu ya vichwa vyetu. Dishi la London hutazama upande, chini chini, kuelekea upeo.

Kwa kazi ya hali ya hewa, jicho letu kubwa linaitwa Meteosat-9, la shirika la setilaiti za hali ya hewa la Ulaya. Tangu katikati ya 2022 limewekwa kwenye longitudo ya digrii 45.5 mashariki, juu ya bahari, mashariki ya Kismayu. Mtu aliyesimama ufukoni Mama Ngina akiinua uso karibu wima, anatazamana nalo. Ni mtumba, kwa lugha ya soko la Kongowea: lilirushwa Desemba 2005, likafanya kazi miaka mingi likitazama Ulaya na Afrika kutoka magharibi zaidi, kisha likasogezwa kuja huku. Hata hivyo mtumba huu una kazi nzuri. Kila dakika 15 hupiga picha ya upande mzima wa dunia unaolielekea, mchana na usiku, kwa aina kumi na mbili za mwanga, ambazo nyingi jicho la binadamu halizioni.

Usiku ndio unaotueleza habari ya rangi. Picha ya kawaida inahitaji jua, na kimbunga hakilali. Kwa hiyo setilaiti hupima miale ya infraredi, ile ambayo kila kitu chenye joto hutoa hata gizani: bahari, mchanga, mawingu, hata wewe. Kitu cha moto hutoa mingi, cha baridi hutoa michache. Bahari yetu ya mwezi wa Mei ni vuguvugu. Wingu la chini lina baridi kidogo. Wingu lililosukumwa juu kilomita 15 na zaidi limeshafika kwenye hewa ya barafu, na kwa setilaiti linaonekana kama tundu lisilo na joto. Namba hizo za joto ndizo zinazopakwa rangi, na mwenye kupaka huchagua apendavyo. Ofisi nyingi hupaka nyekundu palipo baridi kabisa kwa sababu hapo ndipo hewa inapopanda kwa nguvu, na nyekundu humshtua mtazamaji. Ofisi nyingine hupaka nyeupe au zambarau. Yule kijana wa baraza alikuwa na haki ya kukosea, maana mpaka rangi naye anazungumza kwa mafumbo.

Ndani ya baridi hiyo yote, kimbunga kilichokomaa huwa na tundu dogo lenye joto: jicho. Humo hewa inashuka badala ya kupanda, na ikishuka hupata joto na kuyafuta mawingu. Kumbuka jambo hili, tundu la joto lililozungukwa na ukuta wa baridi, kwa sababu ndiyo hesabu yenyewe.

Katika miaka ya 1970 Mmarekani aitwaye Vernon Dvorak alitunga njia ya kukisia nguvu ya kimbunga kwa kuangalia sura yake tu. Alikuwa amezitazama picha nyingi sana hata akaona kwamba mawingu yana adabu: kimbunga kikikua, mikono yake hujikunja kwa mpangilio unaojulikana, kisha hufunga duara, kisha jicho hufunguka. Kila hatua akaipa alama, kuanzia 1 hadi 8, ikipanda kwa nusu nusu. Mikono ikijikunja kiasi fulani kuuzunguka mtima, yaani moyo wa kimbunga, alama fulani. Jicho likitokea, unapima lina joto kiasi gani na ukuta wake una baridi kiasi gani, na tofauti ikiwa kubwa alama hupanda. Alama ya 4 ndiyo mlango wa kimbunga kamili, kama kilomita 120 kwa saa. Alama ya 8 ni zaidi ya 300. Nusu karne imepita, kompyuta zimejifunza kuifanya kazi hiyo zenyewe, na bado ofisi zinaitegemea njia ya Dvorak kila saa chache. Mimi huifananisha na fundi mzoefu wa boti anayeutazama ubao na kukwambia umri wake. Hajaupima, na mara nyingi hakosei sana. Lakini mafundi wawili wanaweza kutofautiana, na katika alama za Dvorak tofauti ya nusu ni jambo la kawaida. Nusu hiyo ni kilomita 20 au zaidi kwa saa.

Hapa ndipo bahari yetu inapotofautiana na ya wenzetu. Harikeni ikielekea Florida, Marekani hutuma ndege ziingie ndani yake. Rubani hulikata jicho, na vifaa vidogo hudondoshwa kwa miavuli vikipima upepo na mgandamizo hadi vinapogonga maji. Makisio ya setilaiti hupata wa kuyasahihisha. Bahari ya Hindi ya kusini magharibi haina huduma hiyo ya kila mara. Kituo chenye dhamana ya eneo letu kimataifa kiko kisiwa cha Réunion, chini ya idara ya hali ya hewa ya Ufaransa. Majina hutolewa na Mauritius au Madagaska, kulingana na dhoruba imezaliwa upande gani wa bahari. Kilipokuja Hidaya, wataalamu walikuwa na setilaiti, maboya na meli chache, na vituo vya nchi kavu ambavyo kimbunga hakikuwa kimevifikia. Mfumo wote wa onyo ulisimama juu ya kusoma mawingu.

Kuna mkorogano mwingine ulioleta ugomvi siku ile. Tovuti moja ilisema upepo ni kiasi hiki, nyingine ikataja kikubwa zaidi, na watu wakaanza kuulizana nani anadanganya. Hakuna aliyedanganya. Réunion hutoa wastani wa upepo wa dakika kumi, na kituo cha jeshi la Marekani kilichoko Hawaii hutoa wastani wa dakika moja. Upepo huvuma kwa kupumua, na dakika moja yenye nguvu daima itazidi wastani wa dakika kumi zilizo na mapumziko ndani yake. Kimbunga kimoja, namba mbili, zote halali. Mtangazaji asiyetaja anatumia kipimo kipi anawaacha wasikilizaji kizani, na kwa maoni yangu hilo ni kosa kubwa kuliko lile la rangi.

Sasa, infraredi ina udhaifu mmoja usioponeka: inaona paa la nyumba, haioni chumbani. Kimbunga kinachokua mara nyingi hufunikwa na blanketi la mawingu membamba ya juu, na chini yake mtima unaweza kuwa umejipanga vizuri au umechanika vipande, wewe huoni tofauti. Hapo huitwa aina ya pili ya jicho. Hizi ni setilaiti za chini, kilomita 800 hivi, zinazopita karibu na ncha zote mbili za dunia na kuikamilisha duru kwa dakika kama 100. Zimebeba vipokezi vya maikrowevu, mawimbi ya jamii moja na yale ya jiko la maikrowevu, ambayo hupenya wingu jembamba kana kwamba halipo na kusumbuliwa tu na matone ya mvua na barafu nzito. Ni kama mnunuzi wa tikitimaji Kongowea: ganda halimwambii kitu, hivyo hugonga kwa kidole akasikiliza ndani. Picha ya maikrowevu humuonyesha mtaalamu pete ya mvua iliyolizunguka jicho saa nyingi kabla jicho halijaonekana kwa juu, na pete hiyo ikijifunga, jiandae, nguvu itapanda upesi.

Tatizo lake ni ratiba. Setilaiti ya chini hupita juu ya sehemu moja mara mbili kwa siku tu, na ukanda wake unaweza kukikosa kimbunga kwa kilomita mia. Anayesubiri kivuko Likoni anaijua hali hiyo. Ndiyo sababu Marekani ilirusha setilaiti nne ndogo za mradi wa TROPICS mwezi Mei 2023, kila moja ndogo kiasi cha kubebwa mikononi, ili chombo kipite kila baada ya muda mfupi badala ya nusu siku.

Ipo pia njia inayomkaribia zaidi yule nahodha wa Kibokoni. Nilimuuliza wao zamani walipimaje upepo kwa macho. Akasema, "Hutazami juu, watazama maji. Upepo ukigusa maji, maji husinyaa." Setilaiti za Metop za Ulaya hufanya hivyo hasa. Rada yake iitwayo ASCAT hupiga mawimbi chini, ikasikiliza kiasi gani kinarudi. Bahari tulivu ni kioo, mwangwi huenda zake upande mwingine. Bahari iliyosinyaa kwa upepo huurudisha. Kwa kuitazama sehemu moja kutoka pembe kadhaa, hujua hata upepo umetoka wapi. Ina mipaka: husoma mikanda miwili yenye upana wa kilomita mia tano hivi, pengo likibaki katikati, na upepo ukishakuwa mkali mno bahari hugeuka povu tupu na vipimo vyake hupungukiwa. Kwa hiyo haifai sana kwa mtima wa kimbunga kikali. Inafaa sana kwa pembeni, na kwa mvuvi wa Shimoni au Msambweni pembeni ndiko aliko. Kimbunga chenyewe kinaweza kuwa Mafia, na upepo wa kuivunja ngalawa ukawa hapa.

Chakula cha kimbunga ni maji ya moto, nyuzi 26 na zaidi, tena si ya juujuu tu bali hadi mita kama 50 kwenda chini, vinginevyo upepo huyachanganya na ya baridi ukajinyima chakula wenyewe. Setilaiti haioni kina hicho, lakini ina ujanja: maji ya moto hutanuka, kwa hiyo bahari yenye akiba kubwa ya joto huinuka kwa sentimita kadhaa kuliko jirani yake. Rada ya kupima kimo huiona tofauti hiyo kutoka kilomita zaidi ya elfu moja juu.

Swali la kwanza la mzee, yuwaja au haji, halijibiwi na picha. Kimbunga huchukuliwa na pepo kubwa zinazokizunguka, kama mtumbwi katika mkondo, na kazi ya kukisia njia ni ya kompyuta kubwa zinazolishwa vipimo vya setilaiti vya anga yote, ikiwemo sehemu zisizo na wingu hata moja. Njia hukisiwa vizuri siku hizi. Mwaka 2023 Freddy alizaliwa karibu na Australia mwanzoni mwa Februari, akaivuka Bahari ya Hindi nzima, akapiga Madagaska, kisha Msumbiji mara mbili, na hapakuwa na siku aliyopotea machoni. Nguvu ndiyo bado huwatoa wataalamu jasho, kwa kuwa inaamuliwa na mambo madogo ya ndani ya mtima, mahali ambapo jicho la mbali huona kidogo. Nukta moja ya picha ya joto ya Meteosat-9 ina ukubwa wa kilomita tatu kwa tatu: kisiwa chote cha Mombasa huingia ndani ya nukta chache.

Barazani hakukosi wa kuuliza: na ile yetu, Taifa-1, ilikuwa wapi? Ilikuwa kazini, lakini kazi yake ni nyingine. Ni chombo kidogo chenye kamera ya kutazama ardhi, mashamba na mazingira, na kamera ikikutana na wingu imekutana na ukuta. Pwani hii si ngeni kwa mambo ya anga lakini. Kule Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano waliweka majukwaa baharini wakarusha setilaiti kuanzia 1967 hadi 1988, na ile ya tarehe 12 Desemba 1970 ikaitwa Uhuru. Ilitazama miale ya eksirei ya nyota za mbali. Kimbunga haikukijua.

Jumamosi ya tarehe 4 Hidaya kilifika Mafia. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ilikuwa imeshaonya kuhusu upepo mkali na mawimbi makubwa Pwani, na vyombo vingi vya wavuvi vilikuwa vimevutwa juu. Jumapili nilipopita Kibokoni mzee alikuwa na simu ya mjukuu tena. Donge la chapati lilikuwa limefumuka. Nyekundu ilikuwa imebaki madoa mawili matatu, kwingine manjano na kijivu.

"Limepata joto," akaniambia, kabla sijafungua kinywa. "Limeshuka."